Mbweha wa Farasi

Radi ilipiga mara moja tu, na farasi jike wa Waqo akakata kamba, akatokomea ukunguni na mablanketi, hema na unga wao wa shayiri. Mvua ya mawe ikamchapa yeye na Kimiya, binti mtoa chanjo, mpaka masikio yakafa ganzi. Juu kule kwenye uwanda wa Sanetti, asiye na blanketi usiku haioni asubuhi.

"Kijiji cha Rira kiko chini huko," Kimiya alisema.

"Mbali. Tutafia njiani. Tumtafute farasi."

"Unamwona wapi, baba?"

Waqo akashika njia ya juu. Kimiya akamfuata shingo upande.

Kazi ya Kimiya ilikuwa kuwadunga mbwa chanjo, na kuwategea mbweha wekundu wa mlimani vipande vya nyama ya mbuzi vyenye chanjo. Kichaa cha mbwa kilishafagia kundi zima bondeni, na duniani kote wamebaki wachache mno. Waqo alimkodishia farasi, lakini hawakupendana. Mbwa wa Waqo alidungwa sindano ya chanjo mwaka uliopita, akafa wiki ileile. Tangu hapo mzee aliapa kwamba hafugi tena. Mfuga ng'ombe bila mbwa, fisi wakizunguka zizi? Kimiya hakulimeza hilo.

"Lete huo mfuko wa nyama nikubebee," Waqo alisema.

"Niachie tu."

"Unadhani nitaila?"

"Sijasema kitu."

"Macho yako yamesema."

Wakafika kwenye mwamba uliopasuka katikati. Kimiya akalipuka.

"Hapa tumeshapita! Unanizungusha ili nife huku?"

"Ningetaka ufe ningekuacha uende Rira. Nyamaza. Tazama."

Mbweha alisimama ukunguni, mwekundu, miguu mirefu. Fuko mnene, windo lake la kila siku, alichungulia kutoka shimoni karibu yake, naye hakumjali.

"Njaa anayo, fuko hamtaki," Waqo alinong'ona. "Anangoja kondo la nyuma. Farasi wangu anazaa. Sisi tunamwita mbweha wa farasi, wewe unadhani ni kwa uzuri wake?"

Wakamfuata taratibu. Nyuma ya mawe alilala farasi, mablanketi yangali mgongoni, mtoto wake akitetemeka ubavuni. Kimiya akalia waziwazi, hakuona haya.

Waqo akamfunika mtoto kwa koti lake, kisha akanyoosha kiganja. "Sasa lete nyama."

Safari hii Kimiya hakubisha. Mzee akakichomeka kipande ndani ya kondo, akaliweka mbali kidogo. Wazee wake hawakuwahi kumfukuza mbweha wa farasi. Mbweha akaja, akatafuna vyote pamoja na chanjo, akaenda zake.

Walilala wamebanana ubavuni pa farasi. Kulipopambazuka farasi mwenyewe akatangulia, na wao nyuma, Waqo amembeba mtoto mabegani, mpaka paa la nyumba yake likaonekana.

Mbwa akabweka nyuma ya zizi.

Kimiya akasimama. Waqo naye akasimama, uso ukimwiva. Akamtua mtoto wa farasi, akazunguka zizi, akarudi akivuta kamba. Mbwa kijana, mweusi, alitikisa mkia. Mzee akapiga magoti, akamkumbatia shingo kwa nguvu.

"Huyu akifa, binti, sitakusamehe."

"Najua, baba."

"Basi mdunge upesi, kabla sijabadili nia."