Mgeni Aliyesindikizwa Kutoka Kawempe

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 7 Oktoba 1974. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa tatu unusu asubuhi, na barabara za Kampala zikabaki tope jekundu la kufika vifundoni. Tope hilo lilimchafua kila aliyepita siku ile, isipokuwa mtu mmoja. Kanzu yake ilifagia ardhi, nayo ilikuwa nyeupe pe mpaka pindoni.

Augustin, mwalimu wa hesabu kutoka Bukavu, alikuwa amewasili jana yake pamoja na mkewe Emérence, mwenye mimba ya miezi sita. Walipanga chumba Kawempe kwa Mama Sitti, mjane wa Kinubi aliyejulikana mtaani kwa kuwatoa watu mashetani. Safari ilikuwa imemchosha Emérence na miguu ilimvimba, akabaki kitandani. Augustin akatoka peke yake kwa miguu kuutazama mji.

Mwenye kanzu alimkuta mtaa wa Wandegeya. "Wewe ni mgeni," alisema, kwa Kiswahili fasaha kupita kiasi katika mji ambao lugha hiyo ilisikika zaidi vinywani mwa askari. "Ni desturi yangu kuwatembeza wageni."

Augustin alitaka kukataa. Lakini wapita njia waliinamisha nyuso, naye akadhani amekutana na mmoja wa wale watu wa serikali ambao hakuna anayewakatalia. Heri nimfuate kwa adabu, alijisemea.

Wakatembea kutwa. Alionyeshwa maduka ya Nakasero, yenye vibao vipya vilivyopigiliwa juu ya majina ya wenyewe, Wahindi waliofukuzwa. Alionyeshwa vilima kimoja kimoja, na kwa mbali paa kubwa la nyasi la makaburi ya wafalme, Kasubi. Kila waliposimama, harufu ya udi ilimfikia, na chini ya udi harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Saa kumi na moja jioni mtu yule akamsindikiza hadi mlangoni. Mvua ilikuwa imerudi. Augustin, kama alivyolelewa, akasema, "Karibu ndani, bwana, ujikinge."

"Nimekaribia," mtu yule alijibu, akavuka kizingiti.

Augustin alipoufunga mlango na kugeuka, chumbani hamkuwa na mtu ila mkewe, amelala.

Kesho yake, saa nane mchana, Emérence alishikwa na usingizi mzito. Chini ya shuka miguu yake ikaanza kwenda, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Alipoamka, nyayo zilikuwa na tope jekundu mpaka vifundoni.

"Rafiki yako ni mwenyeji mwema," alinong'ona. "Amenipeleka Nakasero. Kwa nini vibao wamevipigilia juu ya majina ya watu?"

Hakuwa ametoka hata uani.

Jumatano nyayo zilitoka malengelenge. Alhamisi zilitoka damu. Ijumaa Augustin alimshika miguu kwa mikono yote miwili, akailalia kwa uzito wake wote, nayo ikaendelea kwenda chini ya kifua chake, kushoto, kulia, huku harufu ya udi ikijaa chumba na ile ya udongo ikiishinda, mpaka mkewe alipofumbua macho na kusema kwa sauti ndogo sana kwamba leo wameshuka ngazi chini ya kilima, na huko kuna chumba kisicho na taa, na sakafuni wamekaa watu wengi, na kila mmoja anamwuliza nje ni saa ngapi.

"Kesho," akamalizia, "amesema nimwache mtoto huko."

Augustin alimkimbilia Mama Sitti.

"Mwalimu, wewe mwenyewe nasema karibu?"

"Nilisema, mama. Kulikuwa na mvua."

"Ya salaam! Kusoma yote hiyo, na kufunga mlango hujui."

"Basi tumfukuze."

"Nani nafukuza mgeni alikaribishwa? Hii nasindikizwa tu. Wewe natembea na yeye mpaka mwenyewe nasema 'rudi'. Ukigeuka kabla ya hiyo, yeye nafika nyumbani kabla yako."

"Na asiposema?"

Mama Sitti alitia ubani kwenye makaa, akaupuliza taratibu.

"Basi, mwanangu, natembea."

Jumamosi, saa nane mchana, miguu ilipoanza, Augustin alisimama kando ya kitanda. "Bwana mgeni, umekaa nasi siku tano. Nimekuja kukusindikiza."

Miguu ya Emérence ikatulia. Nyuma ya Augustin mtu alikohoa kwa adabu.

Wakatoka. Kila penye kona Augustin alipunguza mwendo akingoja neno lile, na kila penye kona alijibiwa, "Mbele kidogo, mwalimu," wakapita kizuizi cha askari ambao hawakuinua macho, wakapita Wandegeya, wakapanda kilima kisha wakazishuka ngazi ambazo mkewe alikuwa amezitaja, na gizani mikono ikamgusa magotini, baridi, mmoja baada ya mwingine, na midomo isiyoonekana ikamwuliza nje ni saa ngapi, naye akawajibu wote, saa tisa, saa tisa, saa tisa, asiache hata mmoja, mpaka sauti ikasema sikioni mwake:

"Rudi."

Alitoka juani. Tope la viatu vyake lilikuwa bado bichi. Kizuizini palikuwa na askari wengine, wa sare asiyoijua.

"Polepole, ndugu! Watoka wapi?"

"Kawempe. Nimetoka nyumbani saa nane."

"Pita tu. Wale jamaa wamekimbia."

"Jamaa gani?"

Askari aliwageukia wenzake. "Huyu kaamka leo!" Wakacheka.

Mlango wa Kawempe ulifunguliwa na msichana mdogo mwenye paji la uso la Emérence. "Mama, kuna mgeni."

Emérence alikuja kwa nyayo zilizopona. Alipomwona alimvuta mtoto nyuma yake.

"Usimkaribishe," alimnong'oneza.

"Emérence, ni mimi. Leo ni siku gani?"

"Pasaka," alisema. "Ya sabini na tisa."

Augustin alisimama nje ya kizingiti akahesabu siku tangu Jumamosi ile, akaongeza siku moja ya Februari 1976, mwaka mrefu. Zilikuwa siku elfu moja mia sita arobaini na sita.