Moto Mbele ya Duka la Bi Lovitt

Kila asubuhi Kezia Prowt alisokota sufu kando ya kitanda cha mama yake. Amerika ilikuwa bado koloni la Uingereza, na mjini kwao, Salem, watu waliapa kutonunua chai wala kitambaa cha Waingereza, kwa kuwa walitozwa ushuru bila kuulizwa. Baba yake Kezia, fundi wa mapipa, naye alitia sahihi kiapo hicho.

Lakini mama alikuwa na homa tangu ajifungue. Siku tisa chakula hakikumpita kooni. Aliomba chai tu, na kila akiomba, baba alitoka nje. Siku ya kumi Kezia alibeba nyuzi zake zote hadi bandarini, akabadilishana na mpishi wa meli kwa chai kidogo. Mama akanywa, akalala. Kezia akaitupa uchochoroni karatasi iliyofungiwa chai.

Upepo uliipeleka mlangoni kwa Bi Lovitt, mjane jirani aliyeuza vyungu. Adhuhuri watu wakaiona, wakadhani anauza chai kwa siri. Walivunja dirisha na vyungu, wakamtoa mjane nje, wakawasha moto wa kuyeyushia lami ya kumpaka mwilini, adhabu ya waliovunja kiapo. Yeye alisema tu kwamba hajui lolote.

"Hujui?" mmoja akamdhihaki. "Basi chai imekuja kwa miguu yake."

Kezia alikuwa dirishani kwao, akiyaona yote. Angesema, wangewavamia wao, na mama asingestahimili. Akaanza kufunga dirisha. Kisha akamwona Bi Lovitt akifunika uso kwa mikono. Akatoka mbio.

"Karatasi ni yangu," alisema. "Nilimpa mama chai. Anakufa."

Aliyekuwa akichochea moto aligeuka. Alikuwa baba yake.

Baba aliangusha kuni, akasimama mbele ya mjane. "Mkitaka kuadhibu, anzeni na mimi," aliwaambia. Wengi walikuwa majirani zake. Hawakumtazama usoni, mmoja mmoja wakaondoka.

Jioni Bi Lovitt alileta supu ya kuku. Mama akameza vijiko vitatu, siku ya pili sita. Baba alipokuwa akitengeneza dirisha la mjane, alimwita Kezia.

"Mwanangu, ungesema mapema, dirisha hili lingekuwa zima. Ukweli ukicheleweshwa, humuumiza asiye na hatia. Lakini kosa langu ni kubwa kuliko lako. Tunamlaumu mfalme kwa kututoza bila kutuuliza, nami nimemhukumu jirani yangu bila kumuuliza."