Kuku wa Mtani na Vitabu vya Mwalimu Ponsian

Jua lilikuwa limeanza kuzama Marsela alipojitwika sufuria mbili za msiba kuzirudisha kwa mjane wa Mwalimu Ponsian, mtaa wa tatu tu kutoka kwake, hapo hapo Shanwe. Stanslaus, mumewe, aliahidi kuzipeleka tangu asubuhi. Ahadi za Stanslaus! Anayezitegemea atakufa njaa amekalia gunia la mchele.

Mjane, Pudensiana, alizipokea sufuria, akaingia jikoni, akatoka na kuku mweupe aliyefungwa miguu.

"Marsela, mpelekee mumeo, mtani wetu. Ampokee akiwa hai, kwa mikono yake, aseme 'nimemwacha'. Kesho jua likifika utosini tunaanua matanga, baada ya hapo neno halina kazi."

"Na asiposema, dada?"

Pudensiana alishusha sauti. "Aliyemvaa marehemu asipomvua, marehemu anabaki. Na wawili hawakai mwili mmoja, mdogo wangu. Mmoja anatoka."

Marsela alitaka kucheka. Kisha akakumbuka mazishi, kicheko kikamkauka.

Marehemu, Mwalimu Ponsian, alikuwa mtoto wa mjomba wake Stanslaus, kwa hiyo Stanslaus alikuwa mtani wake halali. Mtani msibani ana kazi yake. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo na sauti yake, watu wakacheka katikati ya machozi. Mwisho hupewa kuku, hutamka neno lake, huvua. Wengine huifanya kazi hiyo kwa adabu. Stanslaus alifika amelewa. Alivaa koti la mwalimu na miwani yake, akachechemea mguu wa kushoto hadi kaburini, akikohoa kile kikohozi kikavu cha mwalimu hata baada ya watu kuacha kucheka. Alipopewa kuku akabetua midomo.

"Kuku gani huyu, miguu kama njiti? Mimi nachukua vitabu!"

Vitabu! Mtu ambaye hajawahi kusoma hata gazeti la kufungia maandazi. Aliona ni vya kizungu, akadhani ni mali.

Vilikuwa saba, vya mchezo wa mezani ambao mwalimu aliachiwa na Mzungu mmoja aliyefundisha naye miaka ya themanini. Mmoja husimulia safari, wengine kila mtu hujifanya mtu mwingine ndani ya safari hiyo, na dadu huamua nani anapona. Kila Jumapili baada ya misa, mwalimu na wenzake watatu walicheza kibarazani mpaka chai ikapoa. Majalada yalishikiliwa kwa plasta ya hospitali. Kurasa zilikuwa na nta ya mishumaa na mchuzi wa samaki aina ya migebuka, na pembezoni mwandiko wa penseli ulifutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi ikawa laini kama ngozi ya kitunguu. Jumapili ya mwisho, mtu aliyechezwa na mwalimu alifungiwa katika chumba cha chuma chini ya ziwa lililokauka. Alikuwa anasubiri dadu imtoe. Jumatano mwalimu akafa.

Marsela alifika kwake giza likiingia. Mlangoni akasita.

Harufu...

Karafuu. Mwalimu ndiye aliyekuwa akitafuna karafuu, kwa ajili ya jino lake bovu. Stanslaus hunuka gongo tu.

Ndani dadu ziligonga meza. Tak. Tak-tak... Kisha kikohozi. Kikavu.

"We Stanslaus, acha upuuzi!"



Alisukuma mlango. Mumewe alikuwa ameketi mezani na koti la marehemu, mgongo umenyooka, vitabu saba vimepangwa mbele yake kwa ukubwa. Akasimama, akachechemea hadi kwenye kiti kingine, akamvutia Marsela akae.

"Karibu, mama. Pole kwa kutembea. Nimeshachota maji."

Marsela alitupa jicho uani. Pipa lilikuwa limejaa pomoni. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, Stanslaus hakuwahi kuchota hata kikombe, na neno "tafadhali" lilikuwa kwake kama Kichina.



"Mume wangu yuko wapi?" alinong'ona.

Yule mtu alivua miwani, akaifuta polepole. "Mimi sikuja kwa kupenda, mama. Alisoma ukurasa wangu kwa sauti yangu, akacheka, akarusha dadu. Mimi nikatoka, yeye akaingia." Akausogeza ukurasa kwenye mwanga wa taa.

Chini ya mwandiko mzuri wa mwalimu kulikuwa na mwingine. Herufi kubwa, zimeinama huku na huku. Marsela aliujua.

MARSELA LETA KUKU

Hakukuwa na mkono. Hakukuwa na penseli. Mstari wa pili ulijiandika huku anautazama...

HUKU GIZA. CHUMA KINA BARIDI

Akamshika kuku kifuani, akapiga hatua moja kuelekea mezani. Ukaja mstari wa tatu.

UNANGOJA NINI WE MWANAMKE MJINGA

Marsela alisimama. Akajigusa juu ya jicho, penye kovu la Krismasi ya mwaka juzi. Hata huko! Amefungiwa ndani ya karatasi yenye mchuzi wa samaki, na bado anatukana! Hofu ilimtoka, ikabaki dharau tupu, ile aliyoimeza miaka ishirini na miwili kama dawa chungu.

"Nipe kuku, mama," yule mtu alisema, akinyoosha mikono. "Nitasema neno, nitaondoka. Ni haki yake."

Marsela aliitazama mikono ile. Ilikuwa mikono ileile iliyomkunjia ngumi, ila sasa imefunguka.

Akaenda jikoni, akachukua kisu.

Alimla kuku peke yake, mapaja na mabawa, na ugali. Yule mtu hakugusa. Alipomaliza, Marsela alinawa, akachukua kifutio kilichofungwa kwa uzi kwenye kitabu, akafuta mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Chini ya kidole chake kitu kiligonga.

Gong. Gong...

Akafuta mpaka kikanyamaza.

Kesho yake matanga yalianuliwa. Wazee walimsifu Stanslaus kwamba msiba umemkomaza. Pudensiana alisikia kikohozi, kikombe kikamponyoka. Akamgeukia Marsela.

"Mtani alimpokea kuku?"

"Nilimla, dada."

Pudensiana akaokota vipande.

Wiki tatu nyumba ilikuwa na amani. Maji pipani, salamu asubuhi, Jumapili wazee watatu kibarazani na dadu zao. Marsela alikuwa akiimba akifagia. Jana jioni alikuwa anafuta vumbi kwenye vitabu, kimoja kikafunguka chenyewe.

Palepale alipofuta, karatasi ilikuwa nyembamba, inapitisha mwanga. Chini yake mlango wa chuma ukagongwa kwa ndani. Taratibu. Kwa adabu. Kisha herufi zikaja moja moja, ndogo, zimenyooka, za mtu aliyejifunza kuandika upya gizani.

TAFADHALI

Marsela aliketi chini na kitabu mapajani. Alitafuta ile dharau yake ya siku zote, hakuiona. Matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Kuku alikuwa ameshaliwa, na mifupa yake alimpa mbwa.