Shemeji Alipokufa Ganzi Moyoni

Wagonjwa walimwita Shemeji, kwa sababu aliwatania wote kama shemeji zake. Alikuwa muuguzi wa hospisi, nyumba ya kuwatunza watu ambao maradhi yao hayaponi tena. Aliwaogesha, akawageuza, akawapa dawa za maumivu. Mkewe alijivuna kwa majirani kwamba amepata mume mwenye moyo.

Kisha moyo huo ukaanza kupoa. Usingizi ulimpaa. Neno dogo tu lilimfanya afoke. Jioni moja binti yake alianguka uani, akaingia ndani goti likivuja damu. Shemeji alimtazama.

"Hujafa," akamwambia, akageukia ukuta.

Mtoto alikimbilia jikoni. Mama yake alimfunga goti, kisha akamuuliza mumewe yule mtu aliyemwoa yuko wapi. Shemeji alijibu kwamba hata yeye hajui. Amekuwa mtu mbaya, bora aache kazi.

Mke hakukubali. Asubuhi waliongozana hadi kwa muuguzi mkuu, mama mtu mzima asiye na haraka. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kuhusu usingizi, na kuhusu wagonjwa waliofariki. Walikuwa wengi, na Shemeji hakuwahi kumzungumzia hata mmoja. Alibadilisha mashuka, akahamia kitanda kingine.

"Mwanangu, wewe si mbaya," akasema muuguzi mkuu. "Huu ni uchovu wa huruma. Ukibeba maumivu ya watu bila kuyatua, moyo hufa ganzi. Hata mimi ulinipata. Unatibika, ila si kwa kujikaza."

"Mama, nikianza kulia, wagonjwa watanicheka."

"Si kila siku unahangaika wacheke?"

Alimpa likizo na kumpeleka kwa mshauri nasaha. Akakiri pia kwamba wafanyakazi wote walikuwa wameelemewa. Tangu hapo waligawana wagonjwa mahututi. Aliye mapumzikoni hakupigiwa simu. Na kila mgonjwa alipofariki, walikaa pamoja wakamkumbuka.

Alipotoka likizo, Shemeji aliketi nao kwa mara ya kwanza. Mara akamkumbuka mgonjwa mmoja, mama kijana aliyemwomba amsuke nywele kabla watoto wake hawajaja. Alimsuka ovyo, wakacheka wote wawili. Hapo machozi yakamtoka. Wenzake hawakumharakisha.

Nafuu ilikuja taratibu. Baadaye mgonjwa mmoja, fundi seremala, aliomba kuliona jua kabla hajafa. Kitanda hakikupita mlangoni. Shemeji akawaita mpishi, dereva na mfagiaji, wakaamua kuung'oa mlango na fremu yake. Fundi aliwaelekeza akiwa amelala, akiwagombeza kwa jinsi walivyoshika bisibisi.

"Aliyetengeneza mlango huu alikuwa mwanafunzi wangu mtoro," fundi akasema walipofika juani, mkewe amemshika mkono.

Alifariki wiki ileile. Shemeji aliwasimulia wenzake, akalia, akacheka, na kesho yake akaja kazini mzima.

Mwaka ule hakuna mfanyakazi aliyeacha kazi. Mlango nao ulipanuliwa. Sasa kila asubuhi vitanda hutoka kuota jua, na Shemeji ndiye husukuma cha kwanza.