Diski za Nyamburi

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwaka 1988, soko la Nyasho, mjini Musoma, lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Marobota ya mitumba yalifunguliwa juu ya maturubai, wanawake wameinama wakichambua, na sabuni zilizokuwa zikipangiwa foleni miaka mitano nyuma sasa zilisimama kama matofali mbele ya kila duka. Katikati ya msongamano huo ikaingia pikapu ya Pijo, nyeupe iliyofubaa. Iliposimama, chuma kilisaga chuma hadi watu wakaziba masikio.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke, na hilo peke yake lilitosha kugeuza shingo za watu. Alivaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa lililombana kiunoni, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Miguuni alivaa raba za kiume, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, klachi haijui urembo. Jina lake Nyamburi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, akiuza mitumba Musoma na Bunda.

"Dada, gari yako inalia," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka akamwona kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, mikono imejaa grisi, mwanya katikati ya meno.

"Gari gani hailiagi?"

"Hailiagi namna hiyo. Hiyo inaomba pedi za breki."

"Na wewe ni fundi, na gereji iko hapo nyuma, na nikifika utaniambia inaomba na injini."

Kijana huyo, Thadeo, akacheka. "Gereji ni ya fundi Enoka, mimi nafanya kazi tu. Njoo uone kwa macho yako. Nikikudanganya, usirudi."

Alikwenda. Thadeo aliinua gari kwa jeki, akavua tairi, akamwita achuchumae karibu naye. Alimwonyesha pedi zilizobaki unene wa njiti ya kiberiti. Kisha akashika diski, lile sahani la kung'aa linalobanwa na pedi, akapitisha ukucha juu yake kutoka katikati hadi ukingoni.

"Na wewe pitisha. Unasikia mifereji?"

"Kidogo."

"Kidogo si ugonjwa. Sasa tupime unene." Akaibana kwa kipimo cha chuma. "Milimita kumi na mbili. Ikifika kumi na moja ndiyo ya kutupa. Hazina ufa, hazijapinda. Badilisha pedi tu. Diski hizi bado zina miaka."

Nyamburi aliinuka. Mafundi wawili wa Bunda walikwishamwambia anunue pedi na diski vyote.

"Wewe ni fundi wa kwanza kunipunguzia kazi," alisema.

"Basi nipunguzie na wewe. Niambie jina lako, nisihangaike kuulizia mji mzima."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Nyamburi aliuzia barazani kwa mama Petronila, mwenye duka la dawa na simu. Kila saa saba mchana simu ile ililia, Thadeo akipiga kutoka kituo cha mafuta jirani na gereji.

"Mama wa Pijo, umekula?"

"Sijala. Nasubiri fundi aniletee sato."

"Fundi ana njaa kuliko wewe."

"Basi njoo tufe wote, mpenzi."

Jumapili Nyamburi alipokuwa mjini walikwenda misa pamoja, kisha wakatembea ufukweni, yeye Thadeo akiwa na suruali iliyopigwa pasi hadi mkunjo ukakata kama wembe. Alimsimulia habari za kwao Majita, mama yake na ndugu zake sita. Alipomuuliza za kwao, Nyamburi alijibu kwa kifupi kwamba kwao ni Butiama, mama alifariki akiwa mdogo, na baba naye alishafariki.

Hapo kwa baba alidanganya. Mzee Bernado alikuwa hai. Alikuwa na duka Kamunyonge, na mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, askari walikuta katoni za sabuni na majora ya vitambaa chini ya kitanda chake. Alifungwa. Alipotoka alikuwa na kifua kibovu na aibu isiyopona. Hakutaka kuonekana Musoma wala kwao Butiama, akaenda kujificha kijijini Mugeta, mbele ya Bunda, kwa mpwa wake Boke. Pijo ile ilikuwa yake. Kila Jumapili ya pili Nyamburi alimpelekea dawa na kulala huko. Siku hizi hakumwambia mtu isipokuwa mama Petronila. Mwanaume wa kwanza aliyemwambia aliacha hata kumsalimia.

Mwezi wa kumi, Thadeo alifika dukani na sato wa kukaanga kwenye gazeti. Nyamburi alikuwa kwenye simu, amempa mgongo.

"Mwambie mzee asinune. Jumapili nakuja, nalala huko. Nimempatia lile shati alilolitaka." Akasikiliza, akacheka. "Hapana, huyo fundi hajui kitu. Nitamwambia siku nikiwa tayari."

Thadeo alirudi nyuma hatua tatu, kisha akaingia upya akipiga hodi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mteja wa Bunda," alisema Nyamburi, akimpokea samaki. "Mbona umekunja uso?"

"Jua."

Musoma nzima ilijua maana ya mzee anayenunuliwa mashati na kulaliwa Jumapili. Thadeo hakuuliza tena. Shaka ikamwozea moyoni.

Ijumaa Nyamburi alileta gari. Lilikuwa limeanza kulia tena, kwani vumbi la njiani lilikuwa limezila pedi mapema. Thadeo alivua matairi, akapima diski. Kumi na mbili kasoro kidogo. Akapima mara ya pili, kipimo kikasema vilevile. Akasimama akifuta mikono.

"Diski zimekwisha."

"Zote mbili? Si ulisema zina miaka?"

"Nilisema. Hii sasa imeingia ufa. Ukikanyaga kwenye mteremko itapasuka."

"Za kubadilisha zipo?"

"Zinatoka Kenya, zipitie mpakani Sirari. Wiki mbili, pengine tatu."

Nyamburi alifikiria Jumapili, akauma mdomo. Kisha akamgusa shavu. "Haya. Wewe ukisema, mimi naamini."

Gari likabaki juu ya mawe. Thadeo hakujiona mwovu. Alitaka Jumapili mbili tu, huyo mzee achoke kusubiri.

Jumanne ya wiki iliyofuata Boke alipiga simu kutoka posta ya Bunda. Mzee anatema damu, hasimami. Mganga wa zahanati amesema apelekwe hospitali ya Bunda leo. Kijijini hakuna gari. "Njoo na Pijo, dada. Njoo sasa hivi."

Nyamburi alikimbia hadi gereji, kilemba kikamdondoka njiani asikiokote.

"Thadeo, nifungie matairi. Kuna mgonjwa."

"Mgonjwa nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Si wakati wa maswali. Nitaenda polepole."

"Mzee wako hana gari akufuate?"

Nyamburi alimkodolea macho. "Mzee gani?"

"Wewe ndiye unamjua."

Kama angekuwa na dakika tano angekaa chini amweleze yote. Hakuwa nazo. Alimshika kola ya ovaroli kwa mikono miwili.

"Sikiliza. Nijibu neno moja. Diski ina ufa au haina?"

Thadeo alimtazama machoni. "Ina ufa."

Nyamburi akamwachia. Alipata lori la pamba lililokuwa likirudi tupu, likamshusha Bunda jua limezama. Hakuna chombo kilichokuwa kikienda Mugeta. Asubuhi alipanda baiskeli ya kukodi, na nusu ya safari akakutana na mkokoteni wa ng'ombe umegeuzwa kurudi Mugeta, watu wa kijijini wakitembea pembeni. Hawakuwa na haraka. Alipoona hawana haraka, alishuka kwenye baiskeli akakaa chini, katikati ya barabara.

Alhamisi asubuhi Thadeo alikwenda kwa mama Petronila.

"Shemeji, bado uko hapa?" mama alishangaa. "Nyamburi amefiwa na baba yake. Yuko Mugeta."

"Baba yake alishafariki."

"Hakufariki, alifungwa. Nyamburi aliona aibu kukuambia. Ndiye mzee ambaye alikuwa anamwendeaga Jumapili, na juzi hakupata gari la kumwahisha hospitali."

Thadeo alirudi gereji mbio akafunga pedi mpya kwa chini ya saa moja. Fundi Enoka alisimama akimwangalia.

"Diski za Kenya zimefika?"

"Hizi zinatosha."

"Najua zinatosha. Nilizipima Jumatatu. Nikadhani mna mambo yenu, nikanyamaza."

Thadeo alipofika Mugeta na Pijo saa sita mchana, watu walisimama wote. Maiti ilikuwa ndani tangu jana, haina usafiri wa kuipeleka Butiama kwa baba zake. Wanzagi, mdogo wa marehemu, alimkumbatia Thadeo akilia. "Mungu amekuleta, mwanangu."

Jeneza likapakiwa, wanaume wakapanda nyuma. Nyamburi, amefunga kanga nyeusi kifuani, akakaa mbele na Thadeo. Walipita vijiji kadhaa.

"Diski zimefika lini?" aliuliza hatimaye.

"Hazijafika."

"Hizi ni zipi?"

"Ni zilezile."

"Na ufa?"

Thadeo alishika usukani kwa nguvu. "Hapakuwa na ufa."

Mbele kulikuwa na mteremko. Thadeo alikanyaga breki, gari likatii bila kelele, jeneza halikutikisika.

"Nilikusikia kwenye simu ukisema mzee," alisema. "Nilidhani una mwanaume."

"Ulidhani."

"Kwa nini uliniambia amekufa?"

"Niliona aibu." Alitazama nje. "Nilimuua kwa mdomo, wewe ukamalizia kwa mikono."

"Tukifika nitawaambia wote."

"Usiwaambie. Hao walioko nyuma watakuua, na mimi sina nguvu ya msiba wa pili."

Ijumaa walizika. Wanzagi alisimama kaburini akasema wapo watu waliokula mali za kaka yake wasije hata kumzika, lakini kijana huyu wa Majita, ambaye hakuwahi kula naye, amemleta nyumbani kwa heshima. "Huyu ndiye mkwe. Aweke udongo pamoja na watoto." Thadeo aliweka udongo. Bibi mmoja alimbusu mikono.

Baadaye alimfuata Nyamburi kwenye gari.

"Desemba nilikuwa nimepanga kuleta barua ya posa."

"Ningekubali," alisema Nyamburi.

"Niambie nifanye nini."

"Hakuna. Bado nakupenda, na hilo ndilo linaniudhi. Lakini nilikushika kola, Thadeo, nikakuuliza neno moja. Sasa hata ukiniambia mboga ina chumvi, itabidi nionje. Siwezi kuzeeka naonja."

"Utanisamehe?"

"Nimeshakusamehe. Nipe funguo."

Alimpa. Nyamburi akaingia ndani kwa wanawake, hakutoka tena.

Wanzagi hakukubali mgeni aondoke mikono mitupu. Alimkamatia kuku jike mwekundu, akamfunga miguu kwa kamba ya katani, akamsindikiza hadi kwenye lori lililokuwa linakwenda Musoma. Thadeo alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia ya mihogo, kuku mapajani.

Mama mmoja aliyeketi mbele yake alimtazama, akatazama kuku, akatabasamu.

"Umetoka ukweni, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Wamekupenda."

Lori lilikuwa limeshaanza kutembea.

"Ndiyo," alisema Thadeo. "Wamenipenda."