Kamba Isiyo na Nepi

Nyumba yenye mtoto mchanga ina kelele zake, ndugu zangu wa Litapunga, Kakese na Kabungu, na nyie mnaopita njia tu. Siku kelele hizo zikikosekana, msikimbilie kushukuru. Sikieni yaliyowapata watu wa nyumba moja, na wala hawakuwa watu wabaya.

Ilikuwa Litapunga, msimu wa kuvuna tumbaku. Emelyne, mke wa Gratien, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Egide, kilo tatu na pointi moja, baada ya mimba mbili kuharibika. Mtoto alinyonya kama mtu anayedai haki yake. Ukikaa karibu ulisikia maziwa yakishuka kooni, gudu, gudu, gudu. Kwenye kamba uani nepi hazijakauka, nyingine zimeshafuliwa. Emelyne alichoka, lakini ni ule uchovu ambao mtu hauonei uchungu.

Siku ya nane, kwa desturi ya wazee waliotoka Burundi, mtoto hutolewa nje aone jua na watu. Mama mkwe, bibi Candide, alikuwa na hofu yake. Kwao walisema mtoto akilia siku ya kutolewa, ameikataa nyumba. Na nyumba ile ilikuwa imeshakataliwa mara mbili. Kwa hiyo Gratien alipoenda Mpanda mjini alirudi na nyonyo, ile chuchu ya mpira yenye kishikio cha plastiki, rangi ya bluu. Egide alipokunja uso mbele za watu, akatiwa nyonyo. Akanyamaza palepale. Mzee Felisiani akasema mtoto huyu amezaliwa tayari mzee wa kanisa, hata mahubiri marefu atayaweza. Watu wakacheka, wakanywa pombe ya ndizi, wakaenda zao.

Nyonyo haikwenda.

Kazi ya tumbaku haimsubiri mzazi. Emelyne alikaa kivulini kando ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, akifunga majani kwenye vijiti, mtoto amelala ndani ya nyumba, dirisha liko wazi. Egide akijinyoosha, bibi anamtia nyonyo. Akigeuza kichwa kutafuta ziwa, nyonyo. Akila vidole vyake, nyonyo. Dirishani ilitoka sauti moja tu: chwi, chwi, chwi. Akipewa ziwa alivuta mara mbili tatu, akaliachia, akasinzia. Maziwa ya Emelyne yakajaa yakawa magumu kama jiwe, kisha yakalegea yenyewe. Akaona afadhali, maumivu yameisha.

Wewe msomaji ungekuwepo ungesema nini? Nyumba ilikuwa safi na kimya. Kuku wakaanza kuingia hadi chumbani, kama wanavyoingia kwenye nyumba iliyohamwa.

Mchana wa siku ya kumi na mbili, Emelyne yuko kwenye majani yake, akaisikia ile sauti. Chwi, chwi. Akaendelea kufunga. Halafu macho yake yakaangukia kikombe cha maji miguuni pake. Nyonyo ilikuwa humo. Alikuwa ameitoa mwenyewe aioshe.

Akainuka taratibu. Ndani, Egide alikuwa amefumba macho, mdomo mtupu, anavuta. Anavuta, anapumzika, anavuta tena. Pembe moja ya mdomo ikatabasamu.

Akamwita mama mkwe. Bibi Candide alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini:

"Usimguse. Ananyonyeshwa."

"Na nani, mama?"

"Na Séverine."

Séverine alikuwa dada yake Gratien. Alifariki siku ya kujifungua, miaka sita nyuma, asiwahi kumpa mtoto ziwa hata mara moja. Bibi Candide alileta kigoda, akakiweka kando ya kitanda ili marehemu asisimame. Akamwambia Emelyne asimwamshe mtoto, maana mtu hakatizwi akiwa anakula.

Tangu hapo hadi usiku Emelyne alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwake mwenyewe. Kila akiingia aliona kigoda kimesogea kidogo, kimekaribia mto. Labda ni kuku. Labda ni bibi alipofagia. Hakuuliza. Hofu ilimbana, lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi, nacho ni wivu: mwenzake aliye kaburini ana maziwa, yeye mzima hana.

Kesho yake, jua likiwa bado halijapanda, alipita Bernadetha, mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa Kisukuma ambaye salamu yake hufika kabla mbwa hawajabweka. Alikuja kutoa hongera. Lakini alipofika uani alisimama, akatazama kamba ya kuanikia. Ilikuwa na shati la Gratien na gunia.

"Mama Egide, hongera. Nepi za mfalme mnaanika wapi?"

Emelyne akasema leo hajachafua.

"Na jana?"

"Jana moja. Asubuhi."

Bernadetha hakusalimia tena. Aliingia moja kwa moja hadi chumbani, akavuta kigoda. Bibi Candide akamshika mkono, akamsihi asikikalie, akamweleza kuna mtu. Bernadetha alikitazama kile kigoda, akamtazama bibi, akakaa.

Alifungua nepi. Ilikuwa kavu, ina doa dogo la mkojo mzito, rangi ya vumbi la tofali. Akapapasa utosi, umebonyea. Akafinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Akaichomoa nyonyo. Egide hakulia. Aliufungua mdomo, akaendelea kuvuta hewa.

"Mama," Bernadetha alimwambia bibi, pole kabisa, "marehemu hana maziwa. Huyu alikuwa anaota ziwa. Kila alipoliomba mkamziba."

Gratien alitoka shambani mbio, ikaitwa bodaboda. Emelyne alimweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akafungiwa kitenge juu. Njia nzima alisikiliza kama anapumua. Kwenye kituo cha afya, mizani ikasema kilo mbili na nusu. Wakamtundikia dripu. Muuguzi akamfundisha Emelyne kukamua maziwa kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, kisha kumweka ziwani kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana. Mara ya kwanza yalitoka matone ya kulowesha sehemu ya chini ya kikombe tu. Emelyne aliyatazama akalia.

Bibi Candide alikaa kwenye benchi nje siku mbili, rozari mkononi. Siku ya tatu, watu wakiwa kwenye foleni ya dawa, ukatoka ukelele ndani ya wodi, mkali, wa hasira, wa mtoto mwenye njaa. Bibi akasimama. Akamshika mwanawe bega.

"Analia," akasema. "Gratien, analia. Ameikubali nyumba."

Waliporudi Litapunga, Gratien aliitupa nyonyo kwenye tanuri la bani. Kigoda kilibaki kando ya kitanda, na Emelyne ndiye anayekikalia akinyonyesha. Kamba ya uani leo haina nafasi hata ya shati. Lakini wanasema hadi sasa, Egide akinyamaza muda mrefu, mkono wa Emelyne husimama juu ya majani ya tumbaku, naye husikiliza.

FUNZO

Kilio cha mtoto mchanga ni ombi. Usimjibu kwa mpira. Wiki za mwanzo ndizo mwili wa mama unapojifunza utengeneze maziwa kiasi gani, na mwalimu wake ni mdomo wa mtoto; ukiupa mdomo huo nyonyo, mwili unadhani hakuna anayehitaji. Akigeuza kichwa au akila vidole, mpe ziwa kabla hajafika kulia, mara nane au zaidi kwa siku. Nyonyo, kama lazima, isubiri mwezi upite na kunyonya kushike. Itazame kamba yako: akishatimiza siku tano, mtoto anayeshiba analowesha nepi sita au zaidi kwa siku, usiku na mchana. Zikipungua, beba mtoto nenda kituoni siku hiyo hiyo. Na wazee wangu, marehemu tuwaombee wapumzike. Kunyonyesha ni kazi ya walio hai.