Kila Pesa na Chumba Chake

Marjun na mume wake Troels waliishi Struer, mji mdogo ulio kando ya maji, magharibi mwa Denmark. Troels alifanya kazi katika kiwanda cha madirisha. Marjun alizunguka kwa baiskeli nyumba hadi nyumba akiwahudumia wazee: kuwaogesha, kuwavisha soksi, kuwakumbusha dawa. Walikuwa na binti mmoja, Silja, mwenye miaka tisa.

Hawakuwa watu wa anasa. Gari lao lilikuwa kuukuu, na likizo waliitumia bustanini. Lakini pesa zao zilikuwa na tabia yake. Mishahara yao iliingia siku ya mwisho ya mwezi, yote miwili, katika akaunti moja. Wiki ya kwanza nyumba ilinukia kamba waliokaangwa kwa siagi. Troels alileta mvinyo, na Silja alipata viatu. Wiki ya nne ilikuwa uji asubuhi, na jioni mkate mweusi wa kupaka maini yaliyosagwa.

"Kwani tumekula nini?" Troels aliuliza kila mwezi unapokwisha.

"Tumekula mwezi," Marjun alimjibu.

Walicheka, kisha mshahara uliingia, na mambo yakaanza upya.

Marjun alizaliwa mbali na hapo, katika visiwa vya Faroe, mji wa Klaksvík. Mama yake, Sanna, alikuwa bado anaishi huko peke yake. Walikuwa hawajaonana kwa miaka mitatu, kwa sababu tiketi za ndege ni ghali. Mwaka huo Sanna alikuwa anatimiza miaka themanini, mwezi wa saba. Tangu Krismasi Marjun na Troels walikuwa wamekubaliana kubana matumizi ili waende wote watatu. Pesa walizobana waliziacha humo humo kwenye akaunti yao. Walisema tu kwamba hawatazigusa.

Jumamosi moja ya Aprili Marjun alijitengenezea kahawa, akafungua kompyuta, akachagua siku ya safari. Kabla ya kulipa aliangalia salio la akaunti. Pesa zilizokuwamo zisingetosha hata tiketi moja.

Aliangalia tena. Akamwita Troels kutoka bustanini. Wazo lao la kwanza lilikuwa kwamba wameibiwa. Wakapitia malipo yote, moja baada ya jingine. Bima ya gari ya mwaka mzima ilikuwa imekatwa. Kampuni ya kupasha joto nyumba ilikuwa imepiga hesabu za majira ya baridi, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali, walidaiwa nyongeza kubwa. Bili ya maji nayo ilikuwamo. Zote zilikuwa bili halali. Wao wenyewe ndio walioiruhusu benki izilipe moja kwa moja.

Hakukuwa na mwizi. Hilo ndilo lililomuumiza Marjun zaidi, maana hakuwa na wa kumkasirikia. Basi akamkasirikia Troels. Alimkumbusha fimbo mpya ya kuvulia samaki. Troels naye alimkumbusha mapazia ya sebuleni. Wakafukua na mengine ya zamani, ambayo hayakuhusiana kabisa na bili. Silja alichukua mkate wake, akatoka taratibu, akaenda kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Bibi Bodil. Zamani alikuwa akihudumia wateja dirishani katika benki ya pale mjini, mpaka tawi lilipofungwa. Sasa alifuga kuku na kuimba kanisani. Marjun alipokwenda kumchukua mtoto, alimkuta akiwarushia kuku makombo ya mkate wake.

"Mtoto ameniambia mnagombania fimbo ya kuvulia," Bibi Bodil alisema.

"Na mapazia," Marjun alijibu. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Mapazia niliyaona. Mazuri. Kaa hapo, mwanangu."

Marjun alikaa. Alimweleza yote, tiketi, bili, na mama yake. Bibi Bodil alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Bima ya gari ilikuja lini mwaka jana?"

Marjun alifikiri. "Aprili."

"Na mwaka juzi?"

"Aprili pia."

"Basi huyo si mgeni. Anakuja kila mwaka mwezi ule ule, anabisha hodi, na nyinyi kila mwaka mnashtuka kana kwamba ni jambazi."

Marjun alijikuta anacheka, ingawa hakutaka.

"Nyumba yenu ina jiko, ina chumba cha kulala, ina bafu," Bibi Bodil aliendelea. "Mbona pesa zenu zote zinalala sebuleni? Pesa ya bima, pesa ya kamba, pesa ya kumwona mama yako, zote zimelundikana mahali pamoja. Nani atajua ipi ni ipi? Njooni kesho, na mumeo. Mje na kompyuta."

Jumapili walikwenda. Troels aliingia akiwa amenuna kidogo, kwa kuwa hakupenda mtu mwingine aone mambo ya nyumba yake. Lakini Bibi Bodil hakuuliza walichokula wala walichovaa. Alitaka bili tu, zile zinazokuja watake wasitake. Walirudi nyuma mwaka mzima: mkopo wa nyumba, umeme, maji, joto, bima, kodi ya gari, simu, ada za chama cha wafanyakazi, malipo ya kituo anakokaa Silja baada ya shule. Njiani Troels aligundua kwamba walikuwa bado wanalipia bima ya mashua waliyokwisha kuiuza. Akasema kwamba labda ile fimbo ya kuvulia ilikuwa si kitu. Marjun alimpiga kikumbo, na ule mnuno ukaishia hapo.

Jumla ya bili za mwaka ilikuwa kroner laki mbili na elfu hamsini na mbili. Waligawa kwa miezi kumi na miwili. Ikawa elfu ishirini na moja kwa mwezi.

Bibi Bodil aliwaeleza kwamba wafungue akaunti ya bili peke yake. Kila mshahara unapoingia, siku hiyo hiyo, benki ihamishie huko elfu ishirini na moja yenyewe, bila wao kugusa kitu. Mwezi wenye bili chache, pesa zitabaki na kusubiri. Mwezi wenye bili nyingi, zitakuwapo. Na akaunti hiyo isiwe na kadi.

"Kwa nini isiwe na kadi?" Troels aliuliza.

"Kwa sababu nakujua."

Akaunti ya pili ingekuwa ya chakula, mafuta ya gari na nguo. Hiyo ndiyo ingekuwa na kadi ya dukani. Ya tatu ingekuwa ya akiba. Kisha kila mmoja awe na akaunti yake ndogo, yenye kiasi sawa, na asiulizwe. Fimbo na mapazia vitoke humo. Aliwaonya pia waiulize benki kwanza kama inatoza ada kwa kila akaunti, na kama inatoza, wajaribu kupatana nayo.

Kisha akaweka kikombe chake chini. "Sasa sehemu chungu. Bili hazijui kugawanyika sawasawa. Mwezi ujao na unaofuata zinakuja nyingi. Mkianza na akaunti tupu, itazama kabla haijajaa. Lazima muipe mbegu."

Walijua wote wawili mbegu ingetoka wapi. Troels alikuwa anatarajia malipo yake ya likizo mwezi wa Mei. Na Marjun usiku uliopita, akiwa hajalala, alikuwa amekwisha kuzipangia pesa hizo kazi. Zingenunua tiketi.

Troels alimtazama mkewe. Alisema kwamba uamuzi ni wake, na akisema waende, wataenda.

Marjun alitoka nje, akasimama karibu na banda la kuku, akampigia mama yake simu. Alikuwa amejiandaa kueleza taratibu, lakini alipoisikia sauti ile akayamwaga yote kwa mpigo, huku analia. Alisema pesa zipo za jambo moja tu. Alisema wakija mwaka huu, mwakani watakuwa pale pale walipo leo.

"Miaka themanini si maziwa, mwanangu, haichachi," Sanna alisema. "Nitengenezeeni mambo yenu huko. Mje nikiwa na themanini na moja. Mimi kwani naenda wapi?"

Wiki ile ile walizungumza na benki, na akaunti zikafunguliwa. Mei ilipofika, malipo ya likizo yaliingia yote kwenye akaunti ya bili. Siku ya kuzaliwa ya mama, Marjun alimwimbia kwa simu. Alipomaliza alikaa jikoni peke yake. Troels alimwekea kahawa.

Mwanzoni hawakupatia kila kitu. Mwezi wa kwanza akaunti ya chakula iliisha wiki ya tatu, na wakarudia mkate wao wa maini. Mwezi wa pili iliisha tena. Wakaona kwamba walikuwa wameipunja, wakapunguza kidogo akaunti zao ndogo, wakaiongezea. Walianza pia kuigawa kwa wiki. Kamba hawakuachwa. Walihamia Jumamosi, na hata wiki ya mwisho ya mwezi walikuwapo mezani.

Jaribu kubwa lilikuja mwezi wa kumi. Troels aliangalia akaunti ya bili, akaona imenona. Rafiki yake kazini alikuwa anauza mashua ndogo, kwa bei ya kutupa.

"Zimelala tu pale, mke wangu," alisema. "Tutazirudisha."

"Hizo si zetu," Marjun alisema. "Ni za watu wa bima na watu wa maji. Zimepanga chumba kwetu, zinasubiri wenyewe."

Troels alisema kwamba mkewe sasa anaongea kama Bibi Bodil, na siku si nyingi ataanza kufuga kuku. Mashua ilinunuliwa na mtu mwingine.

Januari bili ziliwaangukia kama kawaida yake: kodi, bima ya nyumba, mkopo, ada. Zililipwa zote. Marjun aliziona wiki nzima baadaye, alipokuwa akiangalia kitu kingine kabisa. Alibaki ameitazama kompyuta. Hakukuwa na kelele wala lawama, na mwezi ule hakuna aliyekwenda kula kwa jirani. Siku hiyo hiyo alihamisha sehemu ya akiba na kununua tiketi tatu. Akiba haikuisha. Kilichobaki kiliendelea kukaa pale, kwa ajili ya siku mashine ya kufulia itakapogoma.

Mwezi wa saba walishuka Klaksvík huku ukungu umefunika vilele vya milima. Sanna alikuwa mlangoni, mfupi kuliko Marjun alivyomkumbuka. Aliwapa nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo, na viazi. Silja alikunja uso kwa harufu yake, akaonja, akaomba tena. Troels alikwenda kuvua na wajomba wa Silja kila siku, katika mashua ambayo hakuilipia bima.

Siku ya kuondoka, mama aliwasindikiza hadi kwenye gari. Aliushika mkono wa Marjun, akauliza watakuja tena lini. Aliuliza huku ametazama pembeni, kama mtu ambaye hataki kumbana mwenzake. Miaka yote swali hilo lilikuwa na jibu moja: tutaona, mama, Mungu akipenda.

"Mwakani," Marjun alisema. "Mwezi huu huu, mama. Tumekwisha kuanza kuweka."